Mkono Wenye Moto Haukandwi

Kwa mliokosa gazeti la wiki jana, msimalize huruma yenu mapema. Bado yapo.

Niliwaacha nikiwa kwenye chumba cha kukandia, kazi niliyoipata baada ya mume wangu kunipa talaka na kumpeleka binti yetu Kipusa kwa bibi yake "mpaka mambo yatulie". Upande wao yalitulia. Upande wangu nikawa namsalimia mtoto wangu kupitia geti. Ndipo siku moja pazia likafunguliwa, na aliyeingia kukandwa akawa mama mkwe mwenyewe, mkono wa kushoto umevimba kama mto wa kulalia.

Alikuwa amepasuliwa titi kwa saratani, na tezi za kwapani zikaondolewa. Maji ya mwili yakakosa njia, yakajaa mkononi. Hospitali walimwelekeza kwa bosi wangu, na bosi akamleta kitandani kwangu bila kujua anamleta nani.

Mama mkwe aliponiona hakurudi nyuma. Alikaa, akavua mtandio, akanitolea sharti kana kwamba tumeachana jana.

"Mwanangu anaoa. Gauni langu lina mikono mirefu, na mkono huu hauingii. Ukiupunguza ukaingia, Kipusa atakuja kuishi kwako. Nimetoa neno langu."

Nikakubali. Nilikubali kumpunguza uvimbe mama wa mume wangu ili apendeze kwenye harusi ya mume wangu. Chekeni tu. Na mimi nilicheka, nimejifungia chooni.

Ukandaji wetu si ule mnaoujua wa kubonyeza mtu mpaka ataje madhambi yake. Huu ni wa ngozi tu. Unalaza kiganja, unaivuta ngozi taratibu kuelekea kule unakotaka maji yaende, unaiachia irudi yenyewe. Mteja akisikia maumivu, ujue umekosea.

Mama mkwe siku ya kwanza alinikata jicho.

"Unanitafuta chawa?"

"Nakukanda, mama."

"Mkono uko huku. Wewe uko shingoni."

"Shingoni ndiko maji yanakomwagikia. Nikianza na mkono nitayasukuma kwenye mlango uliofungwa."

"Basi tia nguvu. Hujala leo?"

"Nguvu zitakuumiza. Vuta pumzi mpaka tumbo lijae, halafu iachie."

Akavuta, akaachia, akaguna kwamba pumzi hata kwake anavuta na hamlipi mtu. Akavuta tena. Kufikia begani alikuwa anakoroma. Mwanamke aliyenifungia geti alilala mikononi mwangu, mdomo wazi, na mimi nikawa natembea kwa ncha za vidole nisije nikamwamsha.

Nawaambieni ukweli wangu. Moyo ulimchukia, lakini mikono haikuwa na habari. Bosi wangu, nesi mstaafu asiyependa maneno mengi, alikuwa na sheria moja tu katika chumba kile. "Mkono wenye hasira ni mzito," alizoea kusema. "Mgonjwa anausikia kabla yako. Ukikasirika, toka nje ukanawe." Siku zile nilinawa mpaka ngozi ya vidole ikakauka.

Na mkono ukaanza kupungua. Kwanza vifundo vya vidole vikaonekana, halafu kiwiko kikarudi kuwa kiwiko. Mama mkwe akaniambia amelala usiku kucha bila kuupangia mkono mito. Siku nyingine akafunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe, kimoja baada ya kingine, akabaki anavitazama.

"Tangu nipasuliwe navalishwa kama mtoto," akasema. "Nilishasahau raha ya kujifunga mwenyewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha kama binadamu. Nikaona aibu kwamba nimefurahi.

"Kipusa anakuulizia," akaongeza. "Ana meno mapya mawili ya mbele. Makubwa kama yako."

Nikatoka kunawa. Hiyo haikuwa hasira, ila sikutaka anione.

Hadithi ingeishia hapo, ningekuwa nawauzia sabuni kama tangazo la redio. Sikilizeni kilichofuata.

Ukishamkanda mtu mwenye uvimbe wa namna ile, unamfunga bendeji tangu vidoleni mpaka begani, maji yasirudi yalikotoka. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga. Nyumbani alikuwa anaifungua tu akitaka kuoga, anakuja kwangu mkono mtupu.

Siku hiyo alikuja amefungwa tayari, na amefungwa vizuri.

Nikaanza kuifungua, huku nikimsifu aliyeifunga. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa cha mwisho. Kwenye kiganja kuliwekwa kipande cha sponji ya godoro, kimekatwa umbo la jani. Nikaigeuza plasta niliyoibandua, na ncha yake ilikuwa imekunjwa ndani kidogo ili mgonjwa akitaka kubandua asihangaike kuitafuta kwa kucha.

Mikono yangu ikasimama.

Kukunja ile ncha sikufundishwa na mtu. Bosi mwenyewe anatumia pini. Mtindo huo niliuanzisha mimi, na nilimfundisha mtu mmoja tu chini ya jua hili.

"Mama, nani amekufunga?"

"Mkamwana wangu mpya."

"Mdogo wangu," nikasema. Sikuwa nauliza.

Mama mkwe akageuza macho akatazama dari.

Mdogo wangu ni kitinda mimba wetu. Mama yetu alipofariki nilimbeba mgongoni, nikamsomesha, nikamleta chumba hiki hiki ajifunze kazi. Kufunga bendeji alikujua. Kukanda hakungoja amalize kujifunza, alisema ni kazi ya kumpapasa mtu mchana kutwa, haina maana. Akaniaga kwamba amepata kibarua mji mwingine. Nilimfungia chakula cha njiani, jamani. Kumbe njia yenyewe ilikuwa ya kwenda kwa mume wangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu alikuwa mgongoni.

"Ulijua tangu mwanzo," nikamwambia mama mkwe.

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Ungejua, ungenikanda?"

"Nisingekukanda."

"Basi nilifanya vizuri kunyamaza."

Nikatoka. Nilinawa, nikanawa tena, nikakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma nikitazama kamba ya kuanikia, mashuka ya wateja yakipigwa na upepo. Nilitamani kwenda kwa mdogo wangu nikamng'oe nywele. Nilitamani pia mama yetu angekuwa hai nimwambie. Lakini nilikuwa na mtoto mwenye meno mapya ambayo sijayaona.

Nikarudi.

"Ahadi yetu bado ipo?"

"Ipo palepale."

"Lala basi."

Nikaanzia shingoni. Nilijikaza kisabuni, nikaivuta ngozi taratibu kama siku zote.

Siku ya mkesha wa harusi bosi alikuwa msibani, nikabaki peke yangu. Nilikwisha nunua godoro dogo la Kipusa, liko chumbani kwangu bado na nailoni yake. Mama mkwe alitakiwa kuja mara ya mwisho, ajaribu gauni mbele yangu, tumalize biashara.

Aliingia amejitanda mtandio mkononi, na meno yanagongana.

"Unasikia baridi, mama?"

"Kanda. Usiniulize."

Nikafunua mtandio. Mkono ulikuwa mwekundu kuanzia kiwiko kwenda juu, umejaa tena, unang'aa. Sikuhitaji kuugusa. Joto lilinifikia kabla ya kiganja. Na kwenye ngozi kulikuwa na michubuko ya duara, minne upande mmoja na mmoja upande wa pili, kama mtu alivyoshika.

"Nani kakufanya hivi?"

"Gauni liligoma kwenye kiwiko. Limebaki kidogo tu liingie. Mdogo wako akasema wewe unanidekeza, unapapasa ili nizidi kuja. Akapaka mafuta, akakamua."

"Ukamwacha?"

"Nilimwambia taratibu. Akasema mama, vumilia, kesho utapendeza."

"Alikukamua kama nguo?"

Akapanda kitandani kwa shida, akalala chali, akafumba macho kama alivyozoea.

"Anza na shingo," akasema.

"Sikukandi."

Akafumbua jicho moja.

"Kesho ni harusi, mama Kipusa."

"Mkono wenye moto haukandwi, mama. Humo kuna ugonjwa umeingia. Nikiusukuma nausambaza mwili mzima. Twende hospitali sasa hivi."

"Nipunguzie tu uingie kwenye gauni. Hospitali nitakwenda keshokutwa."

"Keshokutwa unaweza kuwa hujitambui."

"Na mtoto je?"

Aliijua sehemu ya kubonyeza. Nikaliona godoro lenye nailoni kana kwamba liko pale chumbani. Ningelaza viganja vyangu kidogo tu, nijifanye nakanda, aridhike, aende. Nani angejua?

Mikono yangu ingejua.

"Hata ukiniambia simwoni tena," nikasema, "mkono huu siugusi. Shuka."

Alinitukana. Alinitukana vizuri, mpaka na marehemu waliohusika. Kisha akajaribu kukaa, akayumba, nikamdaka. Nilimbeba kwa upande ule mzima mpaka barabarani, nikasimamisha teksi.

Kwenye teksi aliegemea bega langu, amechoka hata kutukana. Akampigia mwanawe simu kwa sauti ndogo, akamwambia aje hospitali. Akakata. Mara akanishika kidole.

"Daktari atauliza nani kanikamua."

"Utamwambia."

"Mwanangu atakuwa amesimama pale. Akijua ni bibi harusi, harusi imekufa. Wageni wamefika, wengine wamelala sebuleni kwangu. Nimeugua, nimekatwa titi, watu wameniona navalishwa. Aibu nyingine siiwezi."

"Mimi nifanyeje?"

"Sema ni wewe."

Niliangalia kama ni homa inayosema. Haikuwa homa. Macho yake yalikuwa yametulia kabisa.

"Wewe umeshasemwa sana," akaendelea, bila ubaya, kama mtu anayeeleza bei ya vitunguu. "Kwetu kila mtu ana lake juu yako. Ukiongezewa na hili nani ataona tofauti? Sema ni wewe, na Kipusa anaondoka na wewe leo. Leo hii, si kesho."

"Nitapoteza kazi."

"Utapata mtoto."

"Mama, mikono hii ndiyo jina langu."

"Ndiyo maana nakuomba wewe," akasema. "Mdogo wako hana cha kupoteza isipokuwa mwanangu."

Dereva akawasha redio. Nadhani alikuwa ametusikia, akatuhurumia.

Walikuwa wametutangulia. Baba Kipusa alisimama mlangoni mwa chumba cha matibabu, ndevu zimechongwa upya. Pembeni yake mdogo wangu, roli za nywele zimejaa kichwani, kitambaa kimefungwa juu yake. Hatukuwa tumeonana tangu nimfungie chakula. Alianza kusema "Dada", akaishia katikati.

Na nyuma yao Kipusa, amevaa viatu vyeupe vya harusi. Alikuwa anavizoeza, visije vikambana kesho. Aliponiona alicheka, nikayaona meno. Ni makubwa kweli.

Nilitaka kumkimbilia, lakini bibi yake alikuwa ananielemea. Manesi wakampokea, wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu, wakamtundikia dripu. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, akafunua mtandio. Upole ukamtoka.

"Huyu katolewa tezi. Mkono huu unatakiwa kuguswa kama yai. Hizi ni alama za vidole. Nani ameubonyeza hivi?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Nauliza. Ngozi imechubuka kwa ndani, ugonjwa umepita hapo. Mngechelewa tungekuwa tunaongea mengine. Nani?"

Mdogo wangu alitazama sakafu. Nilimngoja. Naapa nilimngoja, kama nilivyokuwa namngoja zamani akivunja sahani, aje aseme mwenyewe. Hakuja.

Mama mkwe alinitazama mimi.

"Ni mimi," nikasema.

Daktari akanigeukia.

"Wewe ni nani?"

"Mkandaji wake."

"Umesomea?"

"Nimesomea."

"Kwa hiyo ulijua habonyezwi."

"Nilijua."

"Halafu?"

"Nilikuwa na hasira."

Sijui lilitokea wapi hilo neno. Lile la "Ni mimi" lilikuwa uongo, lakini hili lilikuwa la kweli.

"Nipe namba ya mwajiri wako," daktari akasema. "Mikono hiyo isimguse mgonjwa mwingine."

Nikamtajia namba ya bosi. Niliitaja taratibu asikosee. Nilimfikiria bosi akipokea simu ile katikati ya msiba, yeye aliyenipokea nikiwa sina mbele wala nyuma, akaniambia nina mikono ya kumlaza mtoto mchanga.

"Nilisema mimi," baba Kipusa akaanza. "Mama, si nilikwambia usiende kwa huyu? Nilikwambia atalipiza. Ona sasa. Mwanamke gani anamkamua mgonjwa wa saratani?"

Mdogo wangu aliinua mkono akakaza roli moja iliyolegea. Mkono ule ule.

"Basi," mama mkwe akasema kutoka kitandani. "Mwanangu, mwache mtoto aende na mama yake."

"Kwa huyu? Baada ya hili?"

"Nilitoa neno langu. Mwache aende."

Nataka nimpe haki yake. Watu wangapi wangeshapata walichotaka wakajifanya wamesahau? Yeye alitimiza, na homa yake ile, mbele ya wote. Mwanawe alifungua mdomo abishe, akatazama dripu, akaufunga. Akamsogeza Kipusa mbele kwa kumgusa bega.

"Nenda kwa mama yako."

Hakuna geti. Hakuna aliyenizuia. Nilipiga goti pale pale sakafuni, nikamnyooshea mikono yote miwili.

"Njoo, mama. Nyumbani kuna godoro lako jipya. Hata nailoni sijaitoa, nilitaka utoe mwenyewe."

Kipusa hakunitazama usoni. Aliitazama mikono yangu. Kisha akageuka akautazama mkono wa bibi yake, ulivyolazwa juu ya shuka jeupe, mwekundu, na zile alama za vidole. Akanigeukia tena.

Alikunja mikono yake nyuma ya mgongo.

"Nitakuja, mama," akasema. "Lakini usinishike."

Nikaishusha mikono. Sikujua pa kuiweka, nikaikalia.

Nyuma yake kukasikika mtu analia, kilio cha kukazwa mdomoni. Alikuwa mdogo wangu, kitambaa kimemshuka, roli zote nje. Baba Kipusa akamgeukia, akamtazama yeye, akautazama mkono wa mama yake, akamtazama yeye tena.

"Na wewe," akamuuliza, "unalia nini?"